Nilifuata bendi, nikakuta ukoo mzima: nimemaliza This Town

Nianze na mkono wa rafiki yangu. Ni Mkongomani wa Goma, tunafanya zamu ya usiku pamoja kwenye ghala moja nje ya Coventry, na Jumapili anapiga gitaa la solo kanisani. Sehemu ya pili ya This Town, tamthilia ya BBC ya vijana wanaounda bendi, ilipoisha akachukua gitaa langu palepale kwenye kochi, akataka kujaribu mapigo aliyotoka kuyasikia. Moja, mbili, tatu, nne: gitaa la ska, muziki uliotoka Jamaika, haligongi juu ya hesabu, linakata katikati yake, tk, halafu mkono wa kushoto unalegea na nyuzi zinanyamaza. Kusema ni rahisi. Vidole vyake vimelelewa na sebene, kila pengo vinaliona kama deni. Anakata vizuri mara mbili, mara ya tatu keshatia kikorombwezo. "Kaka," akaniambia, "hii muziki iko na nafasi mingi. Nani anajaza?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimelileta hilo mapema kwa sababu ndicho nilichokifuata kwenye tamthilia hii, na ndicho nilichopimiwa kwa kijiko. Nilipiga tarumbeta kwenye bendi ya shule Morogoro, kisha miaka miwili kwenye bendi ya maharusi, vyombo vya kukodi na malipo ya pilau. Mtu akiniambia kuna tamthilia ya vijana wanaounda bendi, mimi nakaa mbele. Nataka kuona nani ana gitaa na nani hana, nani anachelewa mazoezi, nani anagombania kuimba.

This Town ina sehemu 6, kila moja kama saa nzima. Mwandishi ni Steven Knight, yuleyule wa Peaky Blinders, tamthilia ya majambazi wa Birmingham, na mwongozaji ni Paul Whittington. Ilianza kuoneshwa BBC One tarehe 31 Machi 2024, Jumapili ya Pasaka, na sehemu zote zikawekwa siku hiyohiyo kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni. Mimi nilichelewa sana, nimeiona baada ya mzee mmoja pale kazini kuniambia kwamba nikiishi Coventry bila kuijua ska ni kama kuishi Zanzibar bila kuijua taarabu. (Mfano huo ni wangu, yeye alitumia mfano wa mpira, sikuuelewa.) Kwa walio hapa Uingereza haina malipo ya ziada, ila lazima uwe na leseni ya televisheni, ambayo mwaka ule ilipanda kutoka pauni 159 hadi 169.50. Walio nje ya Uingereza iPlayer haiwafungukii.

Hadithi ni ya mwaka 1981, Birmingham na Coventry, miji iliyoachana kilomita 30 hivi. Dante Williams ni kijana mwenye mashairi kichwani. Tunamkuta anatembea barabarani akijitungia, hamwangalii mtu, na bila kujua anaingia katikati ya ghasia, polisi huku, vijana wenye mawe kule. Levi Brown anamcheza vizuri mno. Ana namna ya kumtazama mtu kama vile anamsoma maandishi madogo usoni. Kaka yake, Gregory, ni askari wa jeshi la Uingereza huko Belfast. Binamu yao, Bardon Quinn, yuko Coventry, na baba yake Bardon ni mtu wa IRA, kundi la silaha lililopigana kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini, na anataka mwanawe amfuate. Yaani ukoo mmoja, bibi mmoja, mjukuu mmoja amevaa gwanda la jeshi na mwingine anavutwa kwa wale wanaolipiga vita jeshi hilohilo. Kati yao anaingia Jeannie, ambaye kichwa chake kina muziki kama cha Dante kilivyo na maneno.

Sasa, mtazamaji wa kwetu atapotea kidogo hapa, maana tamthilia haikuelezi. Waayalandi walikuwa wengi katika miji hii, walikuja kwa ajili ya ujenzi na viwanda. Novemba 1974 mabomu yalilipuliwa kwenye baa mbili za Birmingham, wakafa watu 21, na tangu hapo kuwa na lafudhi ya Kiayalandi mjini humo ilikuwa mzigo. Kisha 1981 ndio mwaka ambao wafungwa 10 waliopinga utawala wa Uingereza walikufa kwa kugoma kula katika gereza moja la Ireland Kaskazini, wa kwanza akiwa Bobby Sands mwezi Mei. Ukiyajua hayo, baba yake Bardon anapozungumza taratibu mezani, unaelewa kwa nini chumba kizima kimeacha kutafuna.

Na ska yenyewe kwa nini Coventry? Huu ndio utamu ambao ningependa wangeukalia zaidi. Ska ni ya Jamaika, ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya rege, na Wajamaika waliohamia Uingereza wakaja nayo. Mwaka 1979 Jerry Dammers, aliyewahi kusoma sanaa kwenye chuo ambacho leo ni Coventry University, akaanzisha lebo ya 2 Tone. Akachanganya ska na hasira ya muziki wa panki, akaweka weusi na weupe jukwaa moja, suti nyembamba, na miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Bendi yake, The Specials, ilishika namba moja Julai 1981 kwa wimbo Ghost Town, wiki zilezile vijana walizokuwa wakipambana na polisi mji baada ya mji, Handsworth ya Birmingham ikiwemo. Tromboni unayoisikia humo ni ya Rico Rodriguez, mzee wa Kijamaika aliyekuwa akipiga tangu enzi ya ska ya kwanza. Hata UB40, ambao sisi tumewazoea kwa nyimbo za mapenzi kwenye daladala, ni vijana wa Birmingham, na jina lao ni namba ya fomu ya watu wasio na kazi. Hebu fikiria bendi inajiita kwa fomu ya serikali.

Barabara ya Walsgrave, hapa Coventry, kuna jumba dogo la makumbusho ya muziki wa mji huu, sehemu wanaiita 2-Tone Village. Nilikwenda kabla ya kuiona tamthilia nikatoka na kofia ambayo mke wangu hataki niivae msibani.

Turudi kwenye malalamiko. Bendi inachelewa. Unakaa saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado unaangalia mabomu, wapelelezi, jambazi aitwaye Robbie Carmen ambaye kila akiingia anakula picha nzima, mama mlevi, baba mwenye siri. Vipande vya mazoezi vipo, lakini vifupi. Mara tu watu wanaposhika vyombo, kamera inakimbilia kwa mwenye bastola. Ninavyojua mimi, bendi haizaliwi siku mtu anapotamka "tuanzishe bendi". Inazaliwa wiki ya tatu, mpiga besi ameanza peke yake kosa lilelile, mpiga dramu badala ya kumkasirikia akalifuata, na ghafla kosa limekuwa wimbo. Hilo sikuliona. Hawa wanakutana na mara wimbo umeshaiva, kama umetoka kwenye boksi.

Kingine, nyimbo za bendi yao zilitungwa na Kae Tempest na Dan Carey. Ni nzuri, moja imenikaa kichwani mpaka ghalani. Ila masikioni mwangu zimeegemea kughani kuliko ska. Maneno yanakuja mbele, gitaa linasubiri nyuma. Kwa Dante inaeleweka, yeye ni mshairi. Lakini nilitaka dakika moja tu ya watu kurukaruka mpaka jasho lidondoke kwenye suti.

Upande ambao wamenimaliza ni wa kina mama. Michelle Dockery, ambaye tumemzoea kama binti wa jumba la kitajiri katika tamthilia ya Downton Abbey, hapa ni Estella, mama yake Bardon, pombe imemla. Kuna msiba, na mbele ya watu wote anasimama, amelewa, anaimba bila chombo hata kimoja. Unajua ile hali ya msibani, mtu ambaye wote mnahofia atawaaibisha anainuka, na ndugu wanaanza kuangalia chini? Ndiyo hiyo. Halafu sauti inatoka. Rafiki yangu alikuwa anakula karanga, akaacha mkono ndani ya bakuli mpaka Estella alipomaliza kuimba.

Jina la bendi siwezi kuliandika hapa, lina tusi, nalo linakitukana kiwanda. Mara ya kwanza kulisikia tulitazamana, sisi watu wa zamu ya usiku, saa kumi alfajiri tukibandika lebo kwenye maboksi ya watu wengine, ambako juzi tu tumekatwa nusu saa ya malipo kwa sababu basi la kampuni lilichelewa, basi lao wenyewe. Hatukusema kitu. Jumatatu iliyofuata jamaa aliliandika kwa kalamu ya bluu ndani ya glavu yake.

Msiangalie na watoto, wala na mama mkwe. Matusi hayahesabiki na damu ipo. Washeni manukuu, msione aibu: lafudhi ya Birmingham ina tabia ya kushusha mwisho wa sentensi kama mtu anayekaa chini akiwa amechoka, na mimi mwenye miaka sita nchini nilikuwa narudisha nyuma. Mkiona sehemu ya kwanza inatangatanga, vumilieni hadi ya pili, ndipo ukoo unapopangika kichwani na unaacha kuuliza huyu nani wa nani.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyingine ningetoa kama wangenipa mazoezi mawili kamili, mwanzo hadi mwisho, hata ndani ya gereji. Rafiki yangu anasema ni nne, ila yeye bado yuko sehemu ya nne kwa sababu wiki hii zamu zetu zimepishana. Amenipiga marufuku kumwambia Bardon anaishia upande gani, na gitaa langu bado liko kwake.