Nimelipia shingo, mkono nikaambiwa ni kadi nyingine

Kituo chenyewe cha fiziotherapia, tiba ya viungo, sikitaji. Kiko hapahapa Kigoma mjini na watu wa Mwanga wengi mtakijua kwa maelezo tu. Nakipa nyota moja, na hiyo moja ni ya viti vya kusubiria.

Mimi ni fundi cherehani. Shingo yangu imeinamia vitenge tangu ujana, kwa hiyo kuuma huwa inauma, nikilala inapoa. Safari hii ikaja na jipya. Maumivu yanaanzia chini ya kisogo upande wa kushoto, yanapita begani, yanashuka na upande wa nje wa mkono mpaka kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo vinakufa ganzi. Nikishika kitambaa kwa mkono huo sijui kama nimekishika mpaka nikitazame.

Kijana wa fiziotherapia aliyenipokea hakuniuliza hata nafanya kazi gani. "Mzee, lala hapo." Akanimulika taa ya joto, akabandika pedi za mashine ya umeme shingoni, akaenda kusimama mlangoni kubishana na mwenzake habari za Simba na Yanga. Aliporudi nikamwambia, kijana wangu, na huu mkono una ganzi. Macho yake kwenye simu, ananijibu: "Mzee, wewe umelipia shingo. Mkono ni kadi nyingine, rudi mapokezi."

Jamani! Shingo ina pingili 7, jozi 8 za mishipa ya fahamu zinatokea hapo, na zile za chini ndizo zinazoshuka mpaka vidoleni. Mtu amesomea kazi hiyo, kavaa na koti jeupe, anakata mwili wa binadamu kama nyama buchani, hapa shingo, hapa mkono, kila kipande na bei yake. Hata muuza mawese pale sokoni ukimwambia shingo inauma na vidole vina ganzi atakuuliza kama si kitu kimoja.

Nikaenda kulipa tena. Mwenye maumivu hana nguvu za kubishana na kaunta.

Sasa hiyo kadi ya mkono ndiyo ikanipeleka chumba cha pili, kwa binti mmoja mwanafunzi, yuko fildi. "Shikamoo baba, karibu kiti." Akaniuliza yalianza lini, yanazidi saa ngapi, nalala na mito mingapi, cherehani yangu ina kimo gani. Akaniuliza kama nafunga vifungo vya shati bila taabu, kama natembea bila kuyumba, kama mkojo naweza kuubana, kama nimepungua mwili bila sababu au napata homa. Nikahisi tunapotea njia. Akanieleza kwamba tatizo moja tu kati ya hayo lingetosha kunikimbiza kwa daktari siku hiyohiyo. Kama hakuna, picha inaweza kusubiri, maana wengi wa umri wangu wakipigwa picha pingili zinaonekana zimechakaa, hata wale wasioumwa popote.

Kisha akanishika. Akanigeuza shingo kulia, kushoto, akapima nguvu za kila mkono, akanigusisha pamba vidoleni nimefumba macho, akagonga kwenye kunjo la kiwiko kwa kinyundo cha mpira. Akasimama nyuma yangu, akalaza kichwa upande wa kushoto, akakikandamiza taratibu kwa viganja. Umeme ukashuka mpaka kwenye gumba. "Ndiyo yenyewe, baba?" Ndiyo yenyewe!

Hapo nikamwambia nililokuwa naona haya kulisema: usiku nikipandisha mkono juu ya kichwa, maumivu yanalegea. Mke wangu ananikataza, anasema mikono kichwani ni kuita msiba nyumbani. Binti akacheka, akasema hiyo nayo ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa hukohuko shingoni.

Dawa yake haikuwa na mashine. Kurudisha kidevu nyuma mpaka kisogo kirefuke, nishikilie. Kubana mabega nyuma. Meza ya cherehani niipandishe kwa vipande vya mbao, na nusu saa isipite sijanyanyuka. Akasema kwa walio wengi hali hii hupungua ndani ya wiki au miezi, bila kisu. Kwa huyo binti peke yake nawapa nyota nne. Tano kabisa.

Yule wa taa ya joto akaingia. "Unachelewesha foleni." Akanitupia kola ya shingo mezani: "Mzee, vaa hii mpaka upone." Mpaka upone! Binti akainamisha macho kwa adabu, ni mkubwa wake. Mwenzake alipotoka ndipo akaninong'oneza kwamba kola ikivaliwa muda mrefu misuli inalegea, niiache. Kwa hiyo anayejua ananong'ona, asiyejua anapiga kelele, na kola nimeshaandikiwa kwenye bili. Nyota zangu nazirudisha. Moja, na viti nimevifikiria tena, vinaumiza mgongo.

Ganzi imepungua, nakiri. Gumba bado kidogo asubuhi. Nilirudi kumtafuta nimwonyeshe, mapokezi wakasema kamaliza fildi, kaondoka. Anayejua amepata kazi kituo gani aniambie, hata kama ni Kasulu nitapanda gari.