Maua ya karatasi au vibendera vya leso (kanga)?

Kwa mapambo ya bebi shawa ya nyumbani hapa Mombasa, adui wa kwanza ni unyevunyevu wa bahari.

Maua ya karatasi laini ni ya haraka. Panga karatasi 8 za sm 50 kwa 70, zikunje mbele na nyuma kama kipepeo cha mkono cha kujipepea, kila sm 4, funga waya katikati, kata ncha ziwe duara, kisha vuta tabaka moja moja. Ukivuta mbili pamoja, zinapasuka pale penye waya. Ukiyatundika usiku, asubuhi yamenywea. Yatundike siku ile ile, mbali na feni.

Sisi tungechagua leso. Doti moja, yaani jozi ya leso, kutoka maduka ya Biashara Street inatosha sebule. Usiifue: ule ugumu wa dukani ndio unaonyoosha vibendera. Kata pembetatu za sm 20 kwa 25 kwa mkasi wa meno, la sivyo nyuzi zitachomoka, kisha zishone kwenye utepe. Jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, usilikate, litundike zima juu ya kiti cha mama mtarajiwa. Lakini lisome kwanza dukani, maana leso za vijembe ni nyingi.