Vitz Haivuti Mlimani? Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Toyota Vitz na Passo za silinda tatu, zile zenye injini ya 1KR-FE ya cc 996, zina nguvu za farasi kama 71 tu, na hizo huzipati mpaka injini ifike mizunguko 6,000 kwa dakika. Nguvu ya kuvuta ni kama niutoni mita 94, nayo hufika kilele kwenye mizunguko 3,600. Pakia watu wanne na mizigo ya sikukuu, washa kiyoyozi, kisha anza kupanda mlima Kitonga kule Iringa: utaomba lori la mbele lisisimame. Ukiwa Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi imeshakula asilimia 15 au zaidi ya nguvu hizo kabla hujatia gia.

Vitu vya kununua ili gari livute nimevipanga kwa kipimo kimoja: unapata nguvu kiasi gani ya kuondokea na kupandia kwa hela unayotoa.

Namba moja: rudisha nguvu iliyopotea. Haina mbwembwe, lakini hakuna kinachoishinda. Gari lililotoka Japani likiwa limetumika, kisha likatumika tena huku, mara nyingi halina hata zile farasi 71. Fundi aanze kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, maana kwenye injini ya silinda tatu, moja ikichoka theluthi ya kazi imeyumba, na hapo spea nyingine zote ni kupoteza hela. Kompresheni ikiwa nzima, nunua plagi mpya za namba sahihi na ea klina, safisha throto na nozeli, kagua koili. Usisahau masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba: yakiziba, gari linaondoka vizuri halafu linakabwa kadiri unavyokanyaga. Na kama giaboksi ni CVT, ile otomatiki ya mkanda, tia mafuta ya CVT. Muuza duka akikwambia ATF, mafuta ya giaboksi otomatiki ya kawaida, ni yaleyale, toka nenda duka jingine.

Namba mbili: tairi za saizi yake. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza wenyewe. Vitz ya cc 1,000 ya kizazi cha pili inatoka na 165/70R14, yenye kipenyo cha kama milimita 587. Mtu anataka gari liinuke, anafunga 185/65R15, yenye milimita 622 hivi. Hiyo ni asilimia 6 zaidi, sawa na kurefusha gia zote kwa kiasi hicho, na rimu nzito juu yake. Halafu analalamika gari halivuti. Uza hizo rimu, rudi kwenye 14. Unaweza hata kubaki na chenji.

Namba tatu: injini ya 1NZ-FE. Kama lazima upate nguvu ya kweli, njia ni hii. Toyota yenyewe iliuza Vitz RS yenye injini hiyo ya cc 1,497, kwa hiyo haiingii kwa kulazimishwa. Inatoa karibu niutoni mita 140, nusu zaidi ya uliyonayo, na spea zimejaa kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi. Lakini usinunue injini peke yake. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, taka seti nzima: injini, giaboksi, kontroli boksi (kompyuta ya injini), nyaya na mauntini zinazoshikilia injini, vyote kutoka gari moja. Ukiokoteza kimoja kimoja, gari litalala gereji. Namba ya injini nayo lazima ibadilishwe kwenye kadi ya gari kule TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, au NTSA, mamlaka ya usafiri, kwa Kenya, la sivyo bima na mnunuzi wa baadaye watakusumbua. Piga hesabu ya vyote hivyo, kisha ulinganishe na kuuza Vitz na kuongeza hela ununue IST ya 1.5. Mara nyingi IST inashinda.

Namba nne: kuchezea kontroli boksi. Kwa injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, faida ni ndogo sana. Kile kifaa cha kuunganisha kwenye pedali kinafanya gari lionekane jepesi mguuni, ila nguvu ni zilezile.

Namba tano: tabo. Injini hii ya 1KR-FE ina kompresheni ya 10.5 kwa 1 au zaidi, tayari inabana hewa sana. Ukiisukumia hewa bila kubadilisha chochote ndani, unaomba pistoni itoboke.

Mkiani kabisa ni ekzosi nene na ea klina ya koni, vitu vinavyouzwa kwa kelele kuliko vyote. Bomba likizidi upana, moshi hupoteza kasi na nguvu ya chini hupungua. Koni nayo, ikikaa wazi chini ya boneti, huvuta hewa ya moto. Kile kichomeko cha OBD, kinachochomekwa kwenye tundu la mafundi la kupimia hitilafu, chenye taa za kumetameta kinachodaiwa kuongeza nguvu, kazi yake ni kumeta.

Kabla ya yote, jaribu cha bure: kwenye mlima mkali zima kiyoyozi, weka gia chini, uiache injini ipande mpaka mizunguko 4,000. Haiumii. Cheni yake na mafuta yakiwa sawa, imetengenezwa kwenda mbali zaidi ya hapo.