Minyororo ya theluji kwenye udongo wa Pemba: uzoefu wangu

Minyororo ya tairi ninayoieleza hapa ilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani, nami naitumia kupandishia pikapu kwenye njia za mashamba ya karafuu upande wa Wete, mvua zinaponyesha. Niliinunua Unguja kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Matumizi haya hayana ugeni wowote, kwani Harry Weed wa New York, aliyepewa hataza ya minyororo ya aina hii mwaka 1904, alikuwa amewaona madereva wa kwao wakizungushia kamba kwenye tairi ili wapite kwenye tope na theluji.

Nimeridhika nayo sana. Udongo wa mfinyanzi ukirowa hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi ikawa laini kama kipande cha sabuni, na pikapu iliyopakia magunia ya karafuu mbichi huanza kurudi kinyumenyume kuelekea bondeni, jambo ambalo ni hatari kubwa kwa wachumaji wanaotembea nyuma yake. Mnyororo huuma udongo na gari hupanda taratibu, bila ya dereva kulazimika kukanyaga mafuta kwa nguvu.

Hata hivyo, usalama wake wote umo katika ufungaji. Kwanza hakikisha kwamba kipimo cha mnyororo kinalingana na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Yangu imeandikwa 195R14, na muuzaji akikwambia kwamba mnyororo mmoja unafaa kila tairi, usimsikilize. Chungulia pia ndani ya gurudumu, kwa sababu pakiwa finyu mnyororo utakwangua paipu ya breki. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayosukuma gari, ambayo kwa pikapu yangu ni ya nyuma, na hufungwa yote mawili. Ukifunga gurudumu moja tu, difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, itapeleka nguvu kwenye lile linaloteleza, na gari itavuta upande.

Funga ukiwa bado pakavu, mahali tambarare, kabla hujaingia kwenye tope. Mimi huvuta breki ya mkono, nikaweka gia, nikazima injini, kisha nikatia jiwe kwenye magurudumu ya mbele. Mnyororo huutandaza chini kwanza ili nione kama kuna pete iliyolika au iliyojisokota, na kulabu huzielekeza nje ili ncha zake zisichome ubavu wa tairi. Jeki haihitajiki. Unaufunika mnyororo juu ya tairi, unaunga upande wa ndani, kisha unaunga wa nje, na kile kipande kilichobaki chini ya tairi unakipata kwa kusogeza gari kidogo. Hapo pana jambo ambalo silikubalii mzaha: gari haisogezwi mpaka kila mtu ametoa mikono na kusimama mbali, na dereva anafuata sauti ya mtu mmoja tu, hata kama wanaosaidia ni wengi na kila mmoja ana rai yake.

Baada ya kuunga, naweka mpira wa kukazia, naendesha mita chache, kisha nasimama na kukaza tena, kwa kuwa mnyororo hulegea unapojipanga juu ya tairi. Anayeiona hatua hii kuwa ni kupoteza wakati aiache minyororo dukani. Mnyororo uliolegea hupiga bodi, na pete ikikatika inaweza kupasua paipu ya breki. Kwa hiyo ukisikia mgongano wowote, simama pale pale.

Mwendo wangu hauzidi kilomita 30 kwa saa, ingawa watengenezaji wengi wa minyororo ya chuma hutaja 50 kuwa ndiyo mwisho. Nikifika kwenye lami naifungua kabla ya kuendelea, kwani lami huimaliza haraka na breki hazishiki vizuri. Kwenye mchanga mkavu wa pwani haifai hata kidogo, maana gurudumu hujichimbia na gari ikazama.

Kasoro niliyoiona ni kwamba inachimba njia. Njia za mashambani ni za watu wengi, wakiwemo wenye baiskeli na wazee wanaokwenda kwa miguu, na ni haki yao kwamba mwenye gari afukie makorongo aliyoyaacha.

Kutu nayo haina budi kuangaliwa, kwani hewa ya chumvi ya visiwani hula chuma upesi kuliko tope lenyewe. Naiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naianika mpaka ikauke, naipaka mafuta kidogo na kuining'iniza bila ya kuifunga mafundo. Kwa anayetaka kununua iliyotumika, namshauri aitandaze yote mbele ya muuzaji, akague kila pete ya mnyororo unaokatiza tairi, na avute mipira ya kukazia kwa mikono yake, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka hata kama chuma bado ni kizima.