TAHADHARI: Kuna mtu anawauzia wajane wa wanajeshi kaburi ambalo serikali inalitoa bure

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa Texas, naomba msome ujumbe huu wote kisha muupeleke kwenye magrupu yenu ya misiba. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani, awe hai au ametangulia, haya yanawahusu. Tulipigwa na mwenzetu, tena anayeongea Kiswahili, na najua bado anazunguka.

Februari 2025 tulimpoteza shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa jeshini tangu 2006 hadi 2012, akatoka na magoti mabovu na sikio moja lisilosikia vizuri, na kila mwezi alikuwa akipokea fidia ya ulemavu kutoka VA, ile idara ya serikali inayowahudumia waliotoka jeshini. Alipofariki tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Tangazo likaandikwa, likawekwa picha yake akiwa na sare, anwani ya nyumba ya msiba, jina la mweka hazina na namba ya kutumia michango. Likasambaa usiku ule ule. Siku ya tatu yule bwana akagonga mlango.

Alivua viatu bila kuambiwa. Akakaa chini na wanaume, akaitikia dua, akatoa bahasha ya rambirambi yenye dola 50. Mama yetu alimwita "mama", na dada alimwita "dada yangu", kama mtu wa nyumbani. Watu walipopungua ndipo akatoa kadi yenye picha ya tai na bendera, imeandikwa kwamba yeye ni mratibu wa mafao ya mazishi ya wanajeshi. Mratibu wa idara gani, haikusema. Dada hakuliona hilo, na simlaumu. Alikuwa hajalala siku tatu.

"Dada, mambo ya VA yana mlolongo," akamwambia. "Ukiingia peke yako watakuzungusha miezi, na marehemu yuko kwenye jokofu. Niachie mimi."

Akamwachia. Dola 150 za kufungua faili. Dola 495 za "kushikilia kaburi" kwenye makaburi ya taifa ya Dallas–Fort Worth. Dola 200 za bendera ya jeneza. Jumla dola 845, zote kwa simu, zote kutoka kwenye michango ya watu. Juu ya hapo akataka asilimia 30 ya mafao yatakapotoka, na akapiga picha DD 214 ya marehemu (hati ya kutoka jeshini), cheti cha ndoa, na namba za Social Security za wote wawili. Mimi nilikuwa bado njiani natoka jimbo lingine.

Sasa niwaeleze ukweli wa kila alichouza, maana nimekaa kwenye simu wiki nzima kuupata.

Kaburi kwanza. Makaburi ya taifa yanayosimamiwa na VA hayawekewi nafasi. Hakuna cha kushikilia, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuuzia. Mtu akiwa hai anachoweza kufanya ni kujaza fomu 40-10007, VA wakamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba anastahili. Fomu ni bure, barua ni bure, na inawapunguzia watoto hekaheka siku ya msiba. Kaburi lenyewe linapangwa mtu anapofariki. Familia au kampuni ya mazishi inapiga simu ofisi ya kupanga maziko iliyoko St. Louis, 800-535-1117, inatuma DD 214, inapewa siku. Basi. Kampuni yetu ya mazishi ilimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Na kinachotolewa bure si kidogo. Kaburi, kuchimba na kufukia, boksi la zege linalowekwa jeneza ndani yake, jiwe la kaburi lenye jina, na utunzaji wa kaburi siku zote. Aliyechomwa mwili, majivu yake nayo yana nafasi. Visivyolipwa ni jeneza, kazi ya kampuni ya mazishi, kuhifadhi maiti, maua na gari. Hapo ndipo michango yetu inapotakiwa kwenda.

Masharti yapo. Asiwe amefukuzwa jeshini kwa aibu, na walioingia jeshini baada ya 7 Septemba 1980 kwa kawaida wanatakiwa wawe wametumikia miezi 24 au muda wote walioitiwa. Waliokuwa jeshi la akiba wana masharti yao, ulizeni St. Louis hapo hapo. Lakini msikubali mtu wa mtaani awe ndiye anayewaambia mnastahili au hamstahili.

Sasa sikilizeni alichofanya siku ya tano, kwa sababu hiki ndicho kilichoniuma kuliko zile 845.

Alirudi akasema makaburi ya taifa yamejaa. Yaani yale yale aliyopokea dola 495 kuyashikilia. Lakini, akasema, Mungu ni mwema, kuna makaburi ya binafsi yanayotoa kaburi la bure kwa kila mwanajeshi. Akafungua makaratasi mezani. Na kweli, mstari wa kwanza ulisema kaburi la mwanajeshi ni dola sifuri. Mistari iliyofuata: kufungua na kufukia, dola 1,900. Boksi la zege, dola 1,400. Na kaburi la pembeni, la mke, dola 6,800, lilipwe sasa, kwa sababu "watu wengine watalichukua, dada, halafu utalazwa mbali naye."

Dada hakuwa akiulizia pesa. Tangu siku ya kwanza alikuwa na swali moja, analirudia hata kwa wageni: na mimi nitalazwa wapi? Walikuwa wameishi pamoja miaka 19. Yule bwana alilisikia swali lile akiwa amekaa chini pale na wanaume, akaenda akalitafutia bei.

Jibu lake ni hili, na kila mke na kila mume wa mwanajeshi alijue. Kwenye makaburi ya taifa mwenza anastahili kuzikwa pia, bure. Kwa kawaida wanalazwa kaburi moja, mmoja chini mwingine juu, na kwenye mawe yale meupe ya kusimama jina la mwenza linachongwa upande wa nyuma. Hata mke akitangulia kabla ya mume, anazikwa pale. Watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, walio chini ya miaka 21, au chini ya 23 kama wanasoma muda wote, nao wamo, pamoja na mtoto mkubwa mwenye ulemavu aliokuwa nao tangu kabla ya kufikia umri huo. Hakuna kaburi la pembeni la kununua.

Na Dallas–Fort Worth hapakuwa pamejaa. Tulipiga simu, tukapewa siku.

Kilichotuokoa tusisaini ni mama wa kampuni ya mazishi. Nilipofika nilikwenda naye kuhakiki ratiba, nikamtajia kwamba bendera tumeshalipia. Akaacha kuandika. Akafungua kabati nyuma yake, akatoa bendera ikiwa kwenye boksi. "Bendera hii hapa," akasema. "Nilishajaza fomu juzi. Nani amewauzia bendera?" Fomu yenyewe ni 27-2008, ukurasa mmoja. Kampuni za mazishi nyingi wanakujazia, na hata baadhi ya posta wanazitoa. Ni haki ya marehemu, haiuzwi.

Ile aliyotuuzia dada alikuwa ameiweka kabatini, imeshakunjwa pembetatu ndani ya kasha la plastiki. Nikaligeuza kasha. Chini palikuwa na kibandiko cha dukani: 39.99. Hakuwa amejali hata kukibandua.

Siku ya maziko walikuja wanajeshi wawili vijana, wakaikunjua bendera ile ya bure juu ya jeneza, wakaikunja taratibu bila kusema neno, tarumbeta ikapigwa, mmoja akapiga goti mbele ya dada na kumkabidhi. Heshima hiyo nayo ni ya sheria tangu mwaka 2000: wasiopungua wawili, mmoja wao atoke tawi alilotumikia marehemu, bendera ikunjwe na kukabidhiwa, na Taps, ule wimbo wa tarumbeta wa kuagana, upigwe. Familia inaomba kupitia kampuni ya mazishi na hailipi kitu. Kwenye orodha ya yule bwana "gwaride" lilikuwa na bei, na cheti cha Rais kilikuwa dola 75. Cheti hicho chenye sahihi ya Rais kilianza wakati wa Kennedy, 1962, na kinatolewa bure, hata nakala zaidi ya moja kwa ndugu wanaotaka.

Kuhusu asilimia 30. Kwa kuwa shemeji alikuwa akipokea fidia na kifo hakikutokana na kazi ya jeshi, VA walikuwa na posho ya mazishi ya dola 978, kiwango cha vifo vya kati ya 1 Oktoba 2024 na 30 Septemba 2025. Kifo kikitokana na jeshi ni hadi dola 2,000. Mjane ambaye tayari yuko kwenye kumbukumbu za VA kwa kawaida analipwa posho hiyo bila hata kuiomba, wakishaarifiwa kifo. Dada alilipwa hivyo hivyo. Yule bwana angechukua karibu dola 300 kwa kazi ambayo haikuwepo. Wengine wanaohitaji kudai wanatumia fomu 21P-530EZ, na sheria inakataza mtu kutoza ada kwa kukuandalia dai la kwanza VA. American Legion, VFW na DAV, vyama vya waliotoka jeshini, wana watu waliothibitishwa wanaosaidia bure, na kaunti nyingi zina afisa wa kazi hiyo. Kama unataka kuuliza VA wenyewe, ni 800-827-1000.

Familia moja nyingine, yule bwana aliwaambia faili la baba yao liliteketea kwa moto kwenye hifadhi ya mafaili ya jeshi huko St. Louis, kwa hiyo alipwe dola 400 amtumie "mtu wa ndani". Moto ulikuwepo kweli, Julai 1973, na uliunguza mamilioni ya mafaili. Lakini kwa Jeshi la Nchi Kavu yalikuwa ya waliotoka kabla ya 1960, na ya Jeshi la Anga kabla ya 1964. Baba yao alitoka jeshini 1998! Nakala ya DD 214 mjane au mtoto anaiomba bure Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa (National Archives) kwa fomu SF 180, na ukieleza kwamba ni kwa ajili ya maziko wanaiharakisha.

Wanaorudisha mwili nyumbani msidhani mmepoteza kila kitu. Bendera mnapewa. Jiwe la kaburi VA wanalitoa kwa kaburi lisilo na jiwe kwenye makaburi yoyote duniani, kwa fomu 40-1330. Gharama ya kulisimika ndiyo yenu. Na kama mmeshaweka jiwe lenu, kuna nishani ya shaba ya kubandika juu yake, hiyo pia bure.

Pesa hatujarudishiwa. Benki walituambia kwamba dada alituma mwenyewe kwa hiari yake. Tumefunga taarifa zake za mikopo kwenye kampuni zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, jambo ambalo halilipiwi, kwa sababu yule mtu ana namba za Social Security za dada na marehemu kwenye simu yake na anaweza kukopa kwa majina yao. Kama na nyie alipiga picha hati zenu, fanyeni hilo leo kabla ya jambo jingine lolote. Tumeripoti FTC (tume ya serikali inayopokea malalamiko ya utapeli), kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas, na VSAFE.gov ambako serikali inapokea taarifa za utapeli dhidi ya waliotoka jeshini.

Na nawaomba waandishi wa matangazo ya misiba, mimi nikiwemo maana lile la shemeji niliandika mimi: tuache kuweka picha ya sare na anwani ya nyumba kwenye tangazo moja. Anwani mtu ataulizia.

Hadi jana tumejuana familia tatu, mbili za hapa Dallas na moja ya Houston. Ni kijana wa miaka 40 hivi, mpole, anavua viatu mlangoni, na kadi yake ina tai. Jina silitaji hapa kwa kuwa kila nyumba alijitambulisha kwa jina tofauti. Kama alifika kwenu, hata kama hamkumlipa, niandikieni pembeni na mtunze kadi, ujumbe wake wa simu na risiti za kutuma pesa. Jumatatu tunapeleka malalamiko ya pamoja, na kadi tulizonazo mpaka sasa ni mbili tu.