Tembe la Kwihara: itazameni nyumba yenyewe

Mimi ni mwashi hapa Tabora, na Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu wa darasa la sita Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Si mbali na mjini. Bodaboda wetu alituzungusha kisha akadai nyongeza, kwa hiyo patana bei kabla hujapanda.

Mtunzaji alinipa shikamoo, akatufungulia, wala hakutuharakisha.

Wengi huja kwa ajili ya jina la mzungu yule. Mimi nilikwama mlangoni. Mbao imechongwa kwa mtindo wa pwani, maua yanafuatana kwenye miimo, na nilipopitisha kidole sikuona mahali patasi ilipoteleza. Kuta zina rangi ya damu ya mzee, na ni nene: nilipima dirishani kwa shubiri, mbili zikaisha na ukuta ungali unaendelea. Nje jua la saa saba linachoma, ndani jasho likakauka. Paa ni bapa, vyumba vimeuzunguka ua, hewa na mwanga vinatokea uani. Kwa nje nyumba imejifunga kama ngome.

Na ilibidi. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipoichoma Tabora, Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikuwa Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe lake. Baada ya kumpata Livingstone Ujiji, wakarudi huku pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee wa watu akabaki hadi Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Nilikaa uani nikaiwaza hiyo miezi mitano.

Kilichomgusa mjukuu ni Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, na Oktoba wakapita hapa Kwihara na mwili wake. "Babu, kwa miguu?" Kwa miguu, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Akanyamaza kitambo, akaenda tena kuushika ule mlango.

Nyumba imekarabatiwa, na kwangu hilo si kasoro. Ukuta wa udongo usiposhikwa mkono mara kwa mara, mvua huurudisha ardhini. Nendeni asubuhi, mbebe maji. Nimemwachia mtunzaji namba yangu aniite siku watakapokandika tena, nione udongo wanavyouchanganya.