Ufunguo wa namba tupu au wenye kiambishi?

Ubishi huu hauishi kwa waunda mifumo wa hapa Tanga: kwenye hifadhi ya ufunguo na thamani (kila taarifa hutafutwa kwa jina lake, yaani ufunguo) ya geti la API, mlango unaopokea maombi ya programu nyingine, mteja aandikwe 712 au "mteja:712", yaani na kiambishi "mteja:" mbele?

Kwa gharama, namba tupu inashinda. Ni fupi, na ikitoka kwenye hifadhidata huna cha kubadilisha.

Kwenye uaminifu ndipo penye kazi. Lua, lugha ya programu inayotumika kwenye mageti kadhaa yaliyojengwa juu ya NGINX (seva ya wavuti), huona t[1] na t["1"], yaani ufunguo wa namba na wa maandishi kwenye jedwali t, kuwa vitu viwili. Unahifadhi kwa namba, ombi linakuja na maandishi kutoka kwenye anwani ya wavuti (URL), unarudishiwa nil (yaani hakuna kitu), na geti halilalamiki hata kidogo. JSON, muundo wa kubadilishana data, nayo hukubali ufunguo wa maandishi tu. Simu ya muuza machungwa wa Muheza inayoanza na 07 ukiigeuza namba, sifuri imekwenda. Ukikwama, andika kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) aina ya ufunguo, siyo thamani pekee. Kwa macho, 712 na "712" ni pacha.

Kwa matunzo, kiambishi kinakuruhusu kufuta kundi moja bila kugusa jingine. Ila mmoja wenu akiandika "Mteja:" kwa herufi kubwa, huo tayari ni ufunguo mwingine.

Huduma ndogo ya mtu mmoja yatosha na namba, mradi ipitishwe kwenye tostring (amri ya Lua ya kugeuza kitu kuwa maandishi) wakati wa kuandika na wa kusoma. Timu mbili zinazogawana hifadhi moja, au zinazotumia namba za simu, ziende na kiambishi.